Kabla ya Maji Kufika

Simu ilipolia kutoka Sagana, Mburugu, mlinzi wa lango la bwawa, alisikia sauti ya mke wa msoma kipimo cha mto.

"Maji imepita alama nyekundu."

"Mzee mwenyewe yuko wapi, mama?"

"Alishuka kusoma. Mto ikambeba."

Bwawa lilikuwa limejaa. Lango lisipofunguliwa sasa, mafuriko yangebomoa ukuta na kufunika vijiji vya chini. Mburugu aliweka mkono kwenye gurudumu la lango. Chuma kilikuwa baridi, kimelowa umande.

"Si wewe ulimwambia mzee wangu maji ya huku hufika kwako jioni? Basi ngoja jioni, baba. Ukifungua, atapita hapo langoni aende na maji. Nitazika nini?"

"Tuombe, mama."

Aliomba kwa sauti kubwa, mama yule asije akasikia gurudumu likizunguka.