Korongo wa Cabramatta

Simu ya Kyakimwa ilikuwa imezimwa na kuzikwa ndani ya ndoo ya mchele, na aliyeizika ni mumewe.

"Baba Ketsia, hujaona simu yangu?"

"Simu? Imekwenda kanisani kutubu," alisema Balagizi, akijaza upepo gurudumu la baiskeli. "Twende, mama. Korongo hawana subira."

Alitarajia vita. Lakini Kyakimwa aliinua mto mmoja tu wa kochi, akauangalia, akaurudisha. "Basi na yako inabaki," akasema. "Leo ni siku ya watoto." Akaichomoa mwenyewe mfukoni mwa mumewe, akaifungia kabatini. Balagizi nusura amshukuru Mungu kwa sauti.

Maana mama yake Kyakimwa alikuwa amefariki nyumbani kwao Butembo, Alhamisi, kwa corona, na Kyakimwa hakuwa na habari. Shemeji alimpigia Balagizi kazini, kwenye ghala la Seven Hills, huku ughaibuni, akiwa juu ya fokolifti ya kuinulia mizigo. Alishuka, akaenda chooni, akalia dakika zake zote za mapumziko, kisha akarudi kupanga maboksi ya sabuni.

Kwao mtu haambiwi msiba kwenye simu, wala akiwa peke yake, wala akiwa na njaa. Anakalishwa nyumbani kwake, ameshiba, watu wake wamemzunguka. Baba yake Kyakimwa alipokufa, mambo hayakwenda hivyo. Walikuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi, na mtu asiyemjua hata jina alimtupia habari kwenye foleni ya maji. Kyakimwa alianguka na ndoo yake. Mpaka leo akilia, huilia ile foleni kuliko kifo chenyewe. Balagizi alikuwa ameapa kwamba hayo hayatamkuta mara ya pili.

Kwa hiyo Ijumaa alimpigia Mchungaji Wekesa, Mkenya wa kanisa lao. Akampangia kila kitu: yeye ataitoa familia kwa baiskeli tangu asubuhi, mchungaji aje uani na wageni, jumla yao kumi, idadi ambayo serikali ndiyo kwanza ilikuwa imeiruhusu wiki ile baada ya miezi zaidi ya mitatu ya kufungiwa, waweke kiti kimoja chini ya kamba ya nguo. Mchungaji alimwomba arudie yote tangu mwanzo, kama mtu anayesoma barua mara ya pili. Kisha akauliza tu, "Saa ngapi?"

Na mkewe, ambaye siku zote huita baiskeli adhabu ya wasio na gari, aliikubali safari kabla hajamaliza kuieleza.

Kutoka Doonside walifuata njia ya kando ya mfereji, Gloire mwenye miaka minane mbele, akiimba. Mpaka wanafika kwenye bwawa la upande wa Cabramatta, makalio ya Balagizi yalikuwa yameshaandika barua ya kuacha kazi.

Kisiwa katikati ya maji kilikuwa cheupe kwa ndege. Kila tawi na kiota chake. Mmoja akilalia mayai, mwenzake akiwasili na kijiti mdomoni.

"Korongo!" Balagizi alitangaza.

Ketsia, wa miaka kumi na mitatu, alimjibu kwa Kiingereza kwamba si korongo hata kidogo, ni wale ndege wanaopekua mapipa ya taka.

"Korongo waliokosa visa," alisema baba yake. "Walifika huku wakaanza na kazi za taka, kama sisi wote."

Kyakimwa alicheka. Alicheka mno kwa mzaha mdogo kama ule, na Balagizi akaona uchungu: kicheko kile kilikuwa na saa mbili tu za kuishi.

Akafungua chakula upesi. "Kula, Mama Ketsia. Safari bado."

"Kula wewe, unayebeba mizigo." Akamwekea andazi la pili mkononi.

"Chukua yai hili."

"Yai ni lako. Maliza kwanza, nikuone."

Wakashindana hivyo, huyu akimlisha yule, mpaka Gloire akauliza kama kuna zawadi kwa atakayepasuka. Balagizi alikula mayai matatu ili mkewe ale mawili. Ketsia, ambaye siku hizi humkumbatia mtu pale tu anapotaka kitu, alimwegemea baba yake begani na hakuomba chochote. Amechoka, Balagizi aliwaza.

"Destin ndiye alinifundisha baiskeli," aliwaambia watoto. Destin, kaka yake wa Goma, aliyemlea na kumsomesha, humpigia simu kila Jumapili. "Alinisukuma kwenye mteremko, kisha akakimbia kunisubiri chini na bendeji. Kesho akipiga, nitamwambia nimepanda hadi kwa korongo."

Kyakimwa aliinuka ghafla kwenda kuangalia gurudumu lake. Lilikuwa na upepo wa kutosha, lakini alilichunguza muda mrefu, amewapa mgongo.

Walirudi polepole. Kila kona Balagizi alirudia moyoni maneno ya kumwambia, na kila kona aliyaona hayafai.

Geti lilikuwa wazi. Uani, watu kumi wenye barakoa walikuwa wamesimama mbalimbali. Balagizi aliiacha baiskeli ianguke, akamshika mkewe mkono haraka, kabla hajaogopa.

Mkono ule uliukaza wake, ukaanza kumvuta.

"Nisamehe, Baba Ketsia," Kyakimwa alisema, machozi tayari yakimtiririka. "Nimekuficha habari ya Goma tangu Alhamisi. Mchungaji nilimwita mimi. Njoo ukae."

Chini ya kamba ya nguo kulikuwa na viti viwili.

"Kaeni," alisema Mchungaji Wekesa. "Nyote wawili."