Msondo wa Chande

Sakafu za siku hizi hazitoi sauti, kwa hiyo kila mtu ana mlio wake wa ngoma, na kompyuta huupiga kila anapokanyaga. Sheria hairuhusu mlio ukae bila mwenyewe. Mume wangu Chande alipofariki, nilifungua programu, nikauhamishia msondo wake kwenye miguu ya binti yetu, Saumu, badala ya manyanga aliyozoea.

"Haya mwanangu, tembea tusikie."

Msondo ukalia: pigo zito, kimya, pigo hafifu. Ndivyo alivyochechemea baba yake.

"Saumu, acha mzaha!"

"Si mzaha, mama. Mguu unaniuma."

Nikarudi mbio kwenye kompyuta nimrudishie manyanga. Alikuwa ameshapewa mtoto mwingine. Nikayasikia nyumba ya pili, yakirukaruka kama Saumu wangu.