Lami Inayojua Nyayo

Siku hizo mpakani, mtu alikuwa raia wa nchi ambayo lami yake aliikanyaga kwanza. Barabara ilizitambua nyayo, na aliyekwishatambuliwa hakuruhusiwa kushuka tena kwenye udongo.

Barabara kuu ilikuwa haijakamilika. Kipande cha kaskazini, cha nchi moja, kiliishia upande mmoja wa shamba la Mwanasha, na cha kusini, cha nchi ya pili, upande mwingine. Mumewe, Mwakutunza, aliikanyaga lami ya kaskazini akifuata kazi. Mama yake Mwanasha, kipofu, alipelekwa hospitali kupitia ya kusini, naye sasa alikuwa akikaa kibandani, ukingoni kabisa mwa lami. Mwanasha alibaki katikati, udongoni, ili awafikie wote wawili.

Asubuhi moja alikuwa akipoza uji wa mama yake, Mwakutunza alipokuja ukingoni akaita. Nimwaka, binti yao mdogo, akachomoka mbio.

"Mzuie!" Mwanasha alipiga kelele.

Mwakutunza alinyoosha mikono amrudishe, lakini mtoto alidhani anapokelewa. Lami ikawaka kijani chini ya nyayo zake.

"Karibu nyumbani," barabara ikasema kwa upole.

"Njoo na wewe, mke wangu," Mwakutunza alisema huku analia.

"Na mama atalishwa na nani?"

Mwanasha alipiga magoti udongoni, akamvisha mtoto viatu, kisha akachukua bakuli akaelekea kusini. Nyuma yake Nimwaka alikuwa akimwita.

Mama yake alipapasa hewani. "Mjukuu wangu yuko wapi leo?"

Mwanasha akamtia kijiko mkononi. "Amelala, mama."