Pikapu za Marehemu Rogath

"Shikamoo, fundi. Na leo usinitume popote," Candida alisema kabla hata hajaketi. "Nakaa hapa hapa, naangalia."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alivuta stuli hadi magoti yakagusa meza ya kazi. Fundi Anuari hakuudhika. Kariakoo ukimwachia fundi kitu chako ukaenda kunywa chai, ukirudi unakabidhiwa ganda lako na ndani takataka za mtu mwingine. Kila mwenye akili zake hukaa akalinda mali yake, na huyu binti alikuwa na akili za kutosha na za kuazimisha.

Mezani lilikuwepo gitaa la umeme la baba yake, mzee Rogath, aliyebeba mizigo bandarini hadi alipofariki mwezi wa tatu. Kando yake zilikuwepo pikapu mbili mpya, vile vinasa sauti vinavyokaa chini ya nyuzi. Mzee alizinunua mwaka jana, akaziweka kabatini akisubiri nafasi ya kuzifunga. Nafasi hakuipata.

"Za Marekani hizo," Candida alisema. "Alizipata hapa hapa Kariakoo, sijui kwa nani. Alijinyima sana."

"Naona," Anuari alijibu, akainamia gitaa.

Saa tisa alasiri bendi ya hoteli moja ya Posta ilikuwa imsikilize Candida. Ilitaka mpiga gitaa mmoja tu, na wanaume wanne walikwisha kurudishwa nyumbani. Akikosa leo, anarudi kukunja vitenge dukani kwa shangazi yake, basi. Ilikuwa saa saba na nusu.

Jana, binti alipopita kuulizia kazi, pikapu hizo zilikaa mezani dakika mbili tu, na dakika mbili zilimtosha Anuari. Leo mfukoni mwa ovaroli lake zilikuwemo nyingine mbili, umbo lile lile, lebo ile ile. Hata alama ya rangi ya kucha ambayo binti alichora nyuma ya kila moja, ili asichezewe, Anuari alikuwa ameiiga. Chupa ya rangi aliinunua asubuhi Mtaa wa Kongo, na muuzaji akamuuliza harusi yake lini.

Kilichobaki kilikuwa kubadilisha tu. Akishikwa, ukelele mmoja wa "mwizi!" ungetosha. Mtaa ule hauna subira ya kuuliza maswali.

Alifungua nyuzi, akatoa pikapu za zamani. Jasho lilimchuruzika mgongoni.

"Jirani hapo kuna chai ya tangawizi, nzuri sana."

"Nimeshakunywa."

Akaangusha skrubu makusudi. "Aa! Hebu niangalizie, mwanangu."

Candida aliikanyaga kwa ndala bila kushusha macho, akaivuta kwa mguu. "Hii hapa."

Saa nane kasoro kumi. Anuari alianza kukata tamaa. Akizifunga zile zilizokuwa mezani, nafasi nyingine haipo.

"Baba yako alitaka nyaya zipiteje?"

Candida akatoa karatasi. Mzee Rogath alikuwa amechora mwenyewe njia za nyaya, na swichi ya kuziachia pikapu ziimbe moja moja au zote pamoja, kama alivyokuwa akiota kwa miaka.

"Nisomee. Miwani yangu imechoka."

Mwandiko wa mzee ulikuwa wa kuparura. Ilibidi Candida ailete karatasi karibu kabisa na uso. "Nyekundu... iende kwenye swichi. Nyeupe..." Sauti ikamkatika. Akajifuta jicho kwa kiganja.

Mkono wa Anuari uliingia mfukoni, ukatoka. Aliona aibu, aibu ya kweli, kumfanyia hivyo mtu anayemlilia baba yake. Lakini mkono haukusita.

"Fundi!"

Candida alikuwa amemkazia macho. "Mbona unatoka jasho hivyo? Hebu zigeuze hizo."

Akazigeuza. Alama nyekundu zilikuwepo. Candida alikwangua moja kwa ukucha. Haikubanduka. Akashusha pumzi.

"Nisamehe, mzee wangu. Ndio mji wetu huu."

"Haki yako, mwanangu. Endelea kusoma."

Alichomelea nyaya haraka, moja baada ya nyingine, kama karatasi ilivyoelekeza. Akafunga skrubu, akarudisha nyuzi, akaunganisha amplifaya.

Candida alipiga. Sauti ilitoka nene, safi, ikajaa kibanda na kumwagika mtaani. Wauza viatu wa nje waliacha kuita wateja. Alijaribu swichi: moja, nyingine, kisha zote pamoja, na pale akacheka huku machozi yakimtoka.

"Shangazi alimwambia kaibiwa, kauziwa takataka! Si unasikia, fundi? Baba hakuibiwa!"

"Nasikia."

Saa nane na robo alitoka mbio, gitaa mgongoni, akipita katikati ya mikokoteni kuelekea Posta.

Anuari aliinama, akavuta kutoka chini ya meza gitaa lake mwenyewe, lililomlisha kwenye harusi kwa miaka ishirini. Tangu jana usiku lilikuwa na matundu mawili matupu katikati ya kifua, pale zilipokaa pikapu zake. Kisha akatoa mfukoni pikapu alizoleta yule binti. Hakuwa na haja ya kuzifungua. Ndani yake kulikuwa na waya wa feni iliyoungua, aliouzungusha kwa mikono yake mwenyewe, akabandika lebo juu, akamuuzia mzee mmoja wa bandarini aliyemwambia, "Nipe zile nzuri kabisa, fundi. Nataka binti yangu azikute."