Herufi ya Kwanza

Kidawa alikuwa na miaka kumi na minane, na mjini hapakuwa na aliyemweza kwenye mpira wa kikapu. Chuo kikuu kilikwisha kumpokea, lakini asubuhi hiyo wakala wa timu ya kulipwa alimwekea mkataba mezani.

“Saini sasa hivi, binti. Kesho nafasi ni ya mwingine. Chuo hakikimbii.”

Baba yake alipandisha suruali taratibu, kovu la gotini likaonekana.

“Nami niliambiwa hivyo hivyo,” alisema. “Nikacheza miezi minne tu, na cheti sina.”

“Na nikienda kusoma wakanisahau, baba?”

Mzee akaishusha suruali. Wakala akatazama saa. Kidawa akashika kalamu, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake. Mkono ukasita hapo hapo, wino ukawa unasambaa karatasini.