Anwani ya Bi Kobe

Si zamani sana, Nyati alikuwa na kampuni ya maziwa yenye matawi matatu, na barua pepe zote zilipita kwenye seva moja iliyochoka. Kazi ya kuhamia seva mpya alimpa Kicheche, fundi mwenye haraka.

Karani Kanga, aliyelisha vifaranga tisa kwa mshahara wa hapo, aliusoma mpango. "Mbona umeifuta anwani ya Bi Kobe?"

"Mama, Bi Kobe kastaafu mwaka wa tatu huu. Nani atamwandikia?"

"Waulize matawini kwanza."

"Nikiuliza kila mtu, nitahama lini?"

Akahama Jumamosi. Jumatatu na Jumanne hakuna aliyelalamika. "Mnaona?" Kicheche akatamba. "Kimya kabisa."

Jumatano matawi yote yalinuka maziwa yaliyochacha. Tembo, mteja mkubwa, akaja mwenyewe. "Wateja wote tunaagiza kwa anwani ya Bi Kobe, na matawi husoma humo humo. Wiki hii barua zinaturudia."

Nyati akamgeukia Kanga. "Mpango mpya andika wewe."

"Nitaandika kesho," alisema Kanga, akichukua kikapu chake. "Leo Kicheche azunguke matawini, akaulize."