Bakuli Halinyanyuliwi

Fyuuup!

Mkahawa mzima uligeuka. Hata mhudumu aliyekuwa akipanga vibakuli vya kimchi, kabichi ya kuchachuliwa, alisimama na sinia lake mkononi. Bok-sun aliikazia macho meza. Jamani, supu ya watu inavutwa kama maji ya ng'ombe!

Kwao Busan, Korea, bakuli hukaa mezani, kijiko ndicho kinachokwenda kinywani. Anayelinyanyua ni ombaomba, maana hana meza ya kuliweka. Hivyo ndivyo marehemu baba yake alivyowafunza, na mkono uliosahau ulikula mgongo wa kijiko. Ndiyo maana So-yeon, bintiye wa pekee, alipomleta Takeru nyumbani na kusema anataka kuolewa naye, Bok-sun aliropoka: "Kwa Wajapani? Wale wanaofyonza supu na bakuli mkononi? Mie sili nao meza moja!"

So-yeon alifunga begi siku ile ile. Hata sikukuu ya mavuno hakuja. Juzi ndipo alipopiga simu kusema kwamba Sachie, mama yake Takeru, anavuka bahari kuja kuonana na wakwe.

"Ukimwaibisha mama wa watu, Mama, ujue huna mtoto tena."

Sasa walikuwa wanne mezani. Fyuuup! Bakuli lilikuwa limepanda tena, likafunika uso mpaka machoni, na tone la mafuta ya nguruwe likachuruzika kidevuni.

Kwenye meza ya jirani, mwanamke mmoja alimgonga mwenzake kiwiko. "He! Shoga, umeona? Mtu mzima anakunywa kwa bakuli!"

"Nyamaza, watakusikia. Wajapani hao."

"Hata kama! Mimi hamu ya kula imeniisha kabisa."

Bok-sun alisikia kila neno, masikio yakamwaka. Hakuthubutu kumtazama Sachie. Alijua akimtazama tu, uso wake utamsaliti. Akapangusa vidole vyake vyekundu kwenye sketi.

So-yeon alimshika goti chini ya meza. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Mama," alinong'ona, "basi, inatosha."

"Niache. Nilisema nitavumilia, na navumilia."

Fyuuup! Safari hii ilikuwa ndefu kuliko zote, kisha likaja bakuli la wali, ukingo wake mdomoni, na vijiti vikausukuma wali ndani kwa fujo. Yule mwanamke wa meza ya jirani aliinuka, akahamia dirishani na sahani zake.

Upande wa pili wa meza kijiko kilianguka.

Tangu chakula kianze, Sachie alikuwa ameinama, shingo imekunjwa, pua karibu iguse meza. Sasa aliinua uso. Ulikuwa umepauka, na jasho limemtoka juu ya mdomo. Akamwambia mwanawe maneno kwa Kijapani, haraka haraka, kiganja kimeziba kinywa kama mtu anayezuia kutapika.

Takeru alimtazama mama yake, akamtazama So-yeon. Akakohoa.

"Mama anaomba radhi," akatafsiri, macho yake chini. "Anasema kwa wiki tatu amejifunza kula kama nyinyi, bakuli mezani na kichwa chini, asije akakuudhi. Lakini kwetu hivyo ndivyo anavyokula mbwa, na hawezi kumeza tena. Anaomba, Mama So-yeon, kama hutaona vibaya, na yeye alinyanyue lake kama unavyolinyanyua lako."